Kidole Kimoja Kila Upande

Jina lilihama siku ya Jumatano, saa moja asubuhi, dirishani kwa Fundi.

Mama Mapacha, jirani wa mlango wa pili, alikuja kufuata sare za watoto wake. Aliegemeza viwiko dirishani, akachungulia ndani, akaita, "Kibonge, ziko tayari?"

Ndani walikuwemo ndugu wawili. Fundi alikuwa nyuma ya cherehani, futi shingoni, nusu ya mwili wake imefichwa na meza, nusu nyingine ikishindwa kufichika. Mdogo wake alisimama mbele ya kioo kirefu, anavuta zipu ya gauni la bluu la kazini. Kibonge alikuwa huyo mdogo. Aliitwa hivyo tangu akiwa na miaka minne, marehemu mama yao alipompa jina hilo kwa mapenzi, na likamfuata shuleni, kiwandani, hadi ofisi ya maji alikokuwa akihudumia wateja dirishani. Kwa hiyo yeye ndiye aliyegeuka na kujibu, "Ziko juu ya kabati."

"Sikuiti wewe, mwembamba," Mama Mapacha akasema. "Wewe jina hilo umeshalivua. Namwita mwenye nalo."

Wakacheka wote watatu. Fundi alicheka kuliko wenzake, ndivyo wachekavyo watu wanene. Wamezoea kuwahi kicheko kabla hakijawafikia. Akainama, akakata uzi kwa meno, akaendelea kushona. Lakini kuanzia hapo hakusikia tena mlio wa cherehani. Alisikia jina lile likivuka chumba, likiacha bega moja na kutua kwenye bega jingine, kama mzigo uliomshinda mmoja.

Miezi minane kabla ya hapo walikuwa sawa. Ukipima kiuno cha mmoja unajua cha mwingine. Walikopeshana magauni, walikaa kwenye benchi moja kanisani watu wengine wakahama, walipanda ngazi pamoja wakipumzika kwenye hatua ileile. Kisha mdogo akakatwa tumbo, na mkubwa akabaki.

Hapa inabidi kusema kitu kuhusu kiwanda, maana wapo watu wanaosoma habari ya mwanamke mnene wakiwa na jibu lao mfukoni: anakula sana, basi. Fundi alifanya kazi miaka kumi na mmoja katika kiwanda cha nguo, na ana kumbukumbu isiyosamehe. Mwaka wa kwanza walikuwa na saa nzima ya mchana. Walipika nyuma ya jengo, maharage na mboga za majani kwenye sufuria moja kubwa, wakala wamesimama, wakapiga soga, wakanyoosha migongo. Mwaka wa pili meneja aliyekuwa akivaa tai nyembamba alisema moshi unaharibu vitambaa vyeupe. Moto ukazimwa, saa ikawa nusu. Mwaka wa nne nusu ikawa robo, na kando ya mlango likawekwa friji la soda na rafu ya biskuti. Mstari wa cherehani uliovuka idadi ya siku ulipewa soda ya bure, kila mtu chupa moja. Jasho la watu likalipwa kwa sukari, nao wakashukuru, kwa sababu kuanzia saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, matako kwenye kiti kimoja, soda baridi ni neema.

Fundi ndiye aliyekuwa akizitanua sare za wenzake. Wanawake ishirini na wawili wa mstari wake aliwatanulia viuno kwa mkono wake mwenyewe katika miaka sita. Mstari mzima alibaki mmoja tu ambaye hakunenepa, naye alikuwa na vidonda vya tumbo. Wanawake ishirini na wawili hawawezi kupatwa na ulafi pamoja kama mafua. Lakini kampuni ilileta bwana mmoja mwenye chati, akawahutubia kuhusu mtindo wa maisha, akawashauri watembee jioni. Fundi alinyoosha mkono akauliza, jioni ipi. Jina lake likaandikwa. Mwaka uliofuata mkataba wake haukuhuishwa, akarudi nyumbani na mgongo mbovu na cherehani ya mitumba.

Kibonge naye alipita hapo, miaka mitatu, akiwa mkaguzi wa mishono. Kazi yake ilikuwa kugeuza nguo nje ndani, kuinyoosha kwenye taa, na kutafuta makosa: uzi ulioruka, pindo lililopinda, matundu ya sindano palipofumuliwa na kushonwa upya. Alikuwa na jicho la mwewe. Kisha akapata nafasi ofisi ya maji, ajira ya kudumu, na pamoja nayo kadi ya bima.

Kadi hiyo ndiyo iliyowatenganisha. Kibonge alipougua kisukari na magoti yakagoma, daktari alisema anafaa kupunguzwa mfuko wa tumbo, na bima ikakubali. Fundi alimsindikiza kliniki. Huko walimkuta muuguzi wa lishe, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba, anayezungumza kama mtu anayeelekeza njia.

"Watu wanadhani unene ni mdomo," aliwaambia. "Mdomo umo, sikatai. Lakini kuna damu ya ukoo. Kuna kazi ya kukaa, usingizi mbovu, mawazo, dawa nyingine. Kuna chakula cha pakiti ambacho mtu aliyechoka anakipata kwa urahisi kuliko cha sufuria. Na mwili ukishazoea kilo zake, unazing'ang'ania. Ukijinyima, wenyewe unadhani njaa imeingia nchini. Unatumia kidogo, na kengele ya njaa unaipiga kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana wengi wanapungua, halafu wanarudi palepale, au wanapitiliza."

"Kengele hiyo inalia kwa muda gani?" Fundi aliuliza.

"Miaka. Kwa wengine hainyamazi."

Fundi aliweka mikono mapajani. Miaka ishirini alikuwa akiisikia kengele hiyo, akidhani ni tabia yake mbaya. Alikunywa maji ya kabichi mwezi mzima. Alikaa siku arobaini bila wanga. Alikunywa majani yaliyomfanya alale karibu na choo, akameza vidonge vya mama mmoja mchuuzi wa mkoba vilivyomfanya moyo ukimbie mbio ambazo miguu yake isingeweza. Kila mara alipungua. Kila mara alirudi, na kidogo juu yake.

"Na kukatwa kunanyamazisha?"

"Kunapunguza sauti. Mfuko unakuwa mdogo, na njaa yenyewe inatulia. Kwa unene mkubwa kunasaidia kuliko kujinyima peke yake, na sukari inashuka. Lakini si uchawi. Kuna hatari zake, kuna wanaonenepa tena. Na ukitoka hapo ni mayai na maharage kabla ya kingine chochote, vidonge vya vitamini maisha yako yote, maji kwa mafunda madogo, na kuja kupimwa. Asiyekuja kupimwa ndiye anayenitoa machozi."

"Na mimi je?"

Muuguzi alimpandisha kwenye mizani, akampima presha, akaandika. "Kwa kilo na presha hii, na wewe unafaa. Una bima gani?"

Fundi alitazama viatu vyake.

Hapo ndipo ulipotungwa wivu wa Fundi, kama unataka kujua siku yake. Ulikuwa bado mdogo na una adabu. Ulimpeleka mdogo wake hospitali, ukakesha na uji mwepesi, ukamfutia jasho. Hata Fundi mwenyewe aliudhani ni upendo, na upendo ulikuwemo.

Wiki zikaenda, mwili wa Kibonge ukaanza kuondoka. Kwanza uso, kisha mikono, kisha kiuno kikajitokeza kama mgeni aliyekuwa chumba cha nyuma. Walikuwa wakiishi nyumba moja, ile aliyowaachia mama yao, na magauni mawili ya kazini ya Kibonge yalikuwa chini ya mkono wa Fundi: yeye aliyafua, aliyapiga pasi Jumapili, na kila baada ya wiki chache aliyabana. Gauni moja lilikuwa na mfuko kifuani, jingine halina. Lile la mfuko lilibanwa mara tatu kwa miezi saba.

"Wanasema nijipime kila wiki," Kibonge alimwambia. "Mizani ya kliniki ina foleni, ya dukani inadanganya. Mimi mizani yangu ni wewe, dada. Ukibana najua nimepungua."

Naye Dereva, mume wa Fundi, mtu wa lori la saruji asiyejua kunyamaza, alikuwa na utani wake. Jumamosi moja alikuja mchana, akanawa vumbi, akamkuta shemeji yake mlangoni.

"Shemeji, geuka nikuone. Hapo umegeuka tayari?"

"Shemeji, acha maneno yako."

"Siku hizi ukisimama pembeni ya mlango napiga hodi nikidhani hakuna mtu. Umekuwa msichana tena." Kisha akamwona mke wake akimtazama, akaongeza, "Nasema tu. Si kwa ubaya."

Hakuna mwanamume aliyesema "si kwa ubaya" bila kuacha kidonda. Miaka kumi na minane Fundi alikuwa hajaambiwa ageuke.

Haya yote aliyameza. Kilichomshinda kilikuja jioni ya siku ileile ya Jumatano jina lilipohama. Walikuwa mezani. Fundi alikuwa na sahani ya kabichi, maana alikuwa ameanza tena kujinyima, mara ya kumi na ngapi hata yeye hakujua. Kibonge alikuwa na yai la kuchemsha na vijiko vitatu vya maharage. Alikula nusu ya yai, akasukuma sahani, akapangusa midomo kwa kitambaa kama bibi arusi.

"Unajua siri, dada? Ni kuondoka mezani kabla hujashiba. Watu wanasumbuka na mambo mengi. Ni nidhamu tu."

Fundi alitafuna kabichi yake. Kengele ilikuwa ikilia kichwani mwake, kichwa kizima, hata meno. Aliyekatwa kengele alikuwa amekaa mbele yake akimfundisha namna ya kutosikia.

"Kumbe," akasema.

"Kweli. Jaribu."

"Nitajaribu, mdogo wangu."

Siku ya pili Kibonge alileta lile gauni la mfuko. Ilikuwa mara ya nne. Fundi alimpima kwa haki, akapiga chaki, akashona, akapiga pasi, akalitundika. Lilikuwa limekaa vizuri kama limezaliwa naye. Alilitazama mpaka chai ikapoa. Kisha akalishusha, akachukua kiwembe, akaufumua ule mshono, akashona mwingine ndani yake zaidi. Kidole kimoja kila upande.

Asitafutiwe udhuru. Mkono haukuteleza. Alijua anachofanya, na alijua pia kwamba kitambaa kile cha sare, kizito, chenye nailoni ndani yake, hakisahau sindano. Matundu yanabaki hata ukiyapitishia mvuke. Lakini nani angeyatafuta? Ile akiba ya kitambaa kwa ndani hakuikata. Hajawahi kuikata kwenye nguo ya mtu, kwa kuwa ameona miili mingi ikirudi.

Ijumaa asubuhi Kibonge alivuta zipu, ikakwama kiunoni. Akavuta pumzi, ikapanda kwa shida.

"Dada. Limenibana."

"Nimelipima mwenyewe jana."

"Basi nimevimba usiku?"

"Mwili ni mwili," Fundi alisema, macho kwenye bobini ya uzi. "Hata muuguzi alisema, kuna wanaonenepa tena."

Akaona uso wa mdogo wake ukibadilika. Aliufahamu uso ule. Alikuwa akikutana nao kwenye kioo kila asubuhi kwa miaka ishirini. Na kitu ndani yake kilinyoosha miguu, kikapumzika.

Jioni Kibonge alijaribu lile gauni lisilo na mfuko, likamkaa sawa. "Hili mbona zuri?"

"Hilo kitambaa chake kimelegea. Nipe nilirekebishe."

Uongo mmoja ukapata mwenzake.

Sasa nitakuambia jambo ambalo Fundi hakulitegemea: alifurahi kwa namna nyingine pia. Mdogo wake alirudi kwake. Miezi minane alikuwa amemkosa. Kibonge alikuwa na marafiki wapya wa ofisini, matembezi ya jioni, viatu vya kisigino. Sasa alirudi kukaa kwenye kiti cha chini kando ya cherehani, akinong'ona kama zamani. Alieleza alichokula, nusu kijiko hiki, funda lile. Alisema anaona aibu kwenda kliniki, watamwona ameharibu kazi yao. Alisema anadhani vidonge vya vitamini vinaleta hamu ya kula, ameviacha kidogo. Fundi alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema "pole." Walikuwa sawa tena. Unaweza kumchukia kwa hilo, lakini mtu aliyeachwa peke yake ngazini anajua utamu wa kusikia hatua za mwenzake zikirudi chini.

Wiki ya tatu aliokota nywele kwenye beseni la kuogea, nyingi. Yai lilianza kurudi jikoni likiwa zima. Kibonge alikuwa akitapika maji.

"Mdogo wangu, kula kidogo," alimwambia mara moja.

"Wewe ndiye uliyesema kuna wanaonenepa tena," Kibonge alijibu, bila hasira, akitabasamu kidogo.

Hapo ndipo angesema. Mlango ulikuwa wazi, cherehani imenyamaza, hakuna mtu mwingine ndani. Alisema, "Haya, kunywa hata uji."

Jumapili iliyofuata Kibonge alivaa gauni la mfuko akatoka chumbani kwake mikono imeinuliwa. "Dada, limelegea. Kidogo, lakini limelegea. Nimeweza." Macho yake yalikuwa yameingia ndani, nayo yaling'aa. Akalivua, akampa Fundi alipige pasi.

Fundi alipasha pasi moto. Katika maisha yake yote, dakika hiyo ndiyo ambayo angeilipia kwa chochote kuirudisha. Alishika gauni lile, akaona jinsi lilivyo dogo, akamkumbuka Mama Mapacha dirishani na Dereva mlangoni na lile neno la mezani. Akachukua kiwembe. Safari hii ilikuwa nusu kidole.

Alhamisi, saa tano, Kibonge alianguka dirishani mwa ofisi ya maji huku mteja akimtajia jina la mtaa wake. Waliomwona walisema hakulia wala hakushika kitu; alishuka tu, kama nguo iliyotoka kwenye msumari.

Dereva alikuja na lori kumchukua mke wake. Njia nzima hakutania. Hospitali walimkuta Kibonge kwenye kitanda cha kona, amevalishwa shuka la wodi, maji yakitiririka kwenye mshipa wa mkono. Gauni lake lilikuwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Muuguzi wa lishe alikuwa amesimama miguuni pake, miwani imeshuka kifuani, karatasi mkononi.

"Kilo saba kwa wiki tano," alisema. "Na hizi si kilo nzuri, ni misuli. Nimepiga simu mara mbili hakupokea. Nimemuuliza kwa nini hali, ananiambia ananenepa."

"Gauni linanibana," Kibonge alisema kwa sauti ya karatasi. "Kila wiki linanibana."

"Ndicho kinachomsumbua daktari," muuguzi alimgeukia Fundi. "Mtu anashuka kilo saba, na kiuno kinaongezeka, na anatapika. Tumbo linaweza kuwa linajaa maji, au mshono wa ndani unavuja. Picha haijaonyesha kitu. Daktari anasema hataki kubahatisha, saa tisa anamrudisha chumba cha upasuaji afungue aangalie. Kwa hali hii ya mwili wake sipendi, lakini gauni haliwezi kubana bure."

Ilikuwa saa saba na nusu. Fundi alitazama saa ya ukutani, kisha ule mfuko wa plastiki. Dereva alimshika kiwiko akidhani atazimia. Angeweza kunyamaza, nani angejua. Wangemfungua, wasikute kitu, wamfunge. Au wamfungue mtu aliyekwisha hivi na asiamke.

"Hana kitu tumboni," akasema.

"Unasemaje, mama?"

"Gauni nimelibana mimi. Kuliko kipimo. Mara mbili. Na lile jingine pia. Hajanenepa hata inchi. Mwambie daktari asimguse."

Muuguzi alivaa miwani yake polepole. Alitoka haraka, viatu vikipiga sakafu. Dereva aliachia kiwiko. Alisema, "Mke wangu," naye akatoka.

Kibonge alikuwa amefumba macho. "Nipe gauni," alisema.

Fundi akalitoa kwenye mfuko, akampa. Kibonge aliligeuza nje ndani kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa na mrija, akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha kama alivyokuwa akifanya kiwandani. Mwanga ukapita kwenye vile vitundu, mistari sambamba, ikishuka ubavuni kama njia za siafu. Alipitisha ukucha, akihesabu midomoni.

"Nililileta mara nne," akasema. "Mistari mitupu, isiyo na uzi, ilitakiwa iwe minne. Hapa ni sita."

"Ndiyo."

"Huu wa tano ndio uliokuwa wangu."

"Ndiyo. Ulikukaa vizuri sana."

"Uliushona wote, ukapiga pasi, halafu ukaufumua?"

"Ndiyo."

Kibonge alilaza gauni juu ya kifua. Kitanda cha pili mgonjwa alikohoa. Nje, mtu alikuwa akisukuma kitoroli chenye gurudumu linalolia.

"Kwa nini, dada? Kwa sababu ya mume wako na utani wake?"

"Hapana. Ulisema nidhamu."

Kibonge alifikiri, ni wazi alikuwa hakumbuki. Alitafuta siku hiyo usoni mwa dada yake, akaipata. "Mezani."

"Mezani."

"Nilikuwa mjinga," alisema. "Lakini mjinga hauawi."

Fundi alikunja ule mfuko wa plastiki mara nne. Alikuwa amebeba hasira ya haki kwa miaka mingi: ya moto uliozimwa, ya soda ya bure, ya bwana mwenye chati, ya kadi anayopewa mmoja akanyimwa mwenzake kana kwamba mafuta ya moyo yanajua nani ana ajira ya kudumu. Yule meneja wa tai nyembamba hajawahi kubanwa na Fundi hata kidole. Aliyebanwa alikuwa yule aliyekuwa karibu, aliyemwamini, aliyesimama kwenye kioo chake mikono juu. Hasira ilikuwa ya kweli; ilikosea mlango, na yeye ndiye aliyeitia mkononi kiwembe.

Muuguzi alirudi na bakuli. Operesheni ilikuwa imesimamishwa. Wangesubiri na kuangalia. Ndani ya bakuli mlikuwa na yai lililopondwa. "Kijiko kimoja kila dakika tano," alimwambia Kibonge. Kisha kwa Fundi, sauti ikiwa baridi, "Presha yako uliipima lini?"

"Siku ile."

"Jumanne unakuja. Kukatwa siwezi kukuahidi. Lakini dawa ya presha haihitaji kadi, na kuna mengine ya kuzungumza. Nitakuwa nimekukasirikia, lakini utakuja."

Alipoondoka, Kibonge alisukuma gauni kuelekea kwa dada yake. "Fumua."

"Hapa?"

"Hapahapa. Nakuangalia."

Fundi hakosi kiwembe kwenye pochi yake. Alikaa kwenye kiti cha wageni, chembamba, vyuma vyake vikimkata mapajani, akafumua mshono wa nusu kidole, kisha akafuata mstari wa tano kwa sindano ya mkono, tundu kwa tundu, asilikose hata moja. Kila dakika tano Kibonge alimeza kijiko cha yai. Jua lilipohamia ukutani, gauni lilikuwa limemalizika na bakuli lilikuwa limebaki na vijiko viwili vya yai.

"Sasa ni kubwa," Fundi alisema. "Umepungua toka hapo."

"Nitalijaza."

Kibonge alikaa wodini siku tisa. Aliporudi nyumbani alihamisha vitu vyake hadi chumba cha mbele, akawa anajipigia pasi mwenyewe. Alimsalimu dada yake asubuhi na jioni, "shikamoo dada," bila kupunguza wala kuongeza. Vidonge vyake aliviweka mezani, mbele ya macho ya wote. Jumanne Fundi alikwenda kliniki, na Jumanne nyingine.

Miezi miwili ilipoisha, Kibonge alipita mbele ya dirisha akienda kazini. Alikuwa na gauni jipya la bluu. Fundi alijua mara moja: bega moja limekaa juu kuliko jingine, na pindo la nyuma limepinda vidole viwili. Ilikuwa kazi ya yule fundi wa karibu na stendi, asiyejua hata kunyoosha futi. Wivu ulimpanda Fundi, mkali kuliko wa kilo, kuliko wa kadi ya bima. Mguu wake ukasimama kwenye pedali.

Mama Mapacha alikuwepo dirishani, kama kawaida yake. "Kibonge," aliita barabarani, kwa mazoea, "nani amekushonea hilo?"

Wote wawili waligeuka.

Kibonge alisimama. Alimtazama dada yake juu ya bega la jirani. "Dada, pindo limepinda?"

Fundi alilipima kwa macho. Angeweza kusema liko sawa.

"Limepinda," akasema. "Nyuma, upande wa kushoto."

"Vidole vingapi?"

"Vidole viwili."

Kibonge aliinamisha shingo akajaribu kuliona, asilione. "Basi acha lipinde," alisema, akaendelea na safari yake. Fundi akamfuata kwa macho mpaka kona, akilinyoosha lile pindo kichwani mwake, hatua kwa hatua, bila kuligusa.